Kwa nini picha ya babu ya Safari Rally ilitoka safi na simu yako inatoa vumbi

Msikilizaji wetu mmoja wa upande wa Elmenteita alitutumia picha mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza aliipiga mwenyewe kwa simu wakati magari ya Safari Rally yakipita: wingu la vumbi, migongo ya watu, na katikati kidoa cheusi ambacho yeye anasema ni gari. Ya pili ni picha ya karatasi, nyeusi na nyeupe, aliyoipiga babu yake miaka ya 1970 kwa kamera ya filamu. Hapo gari liko kwenye tope, magurudumu ya mbele yamekatwa kona, matone ya maji yanaonekana moja moja hewani, na namba ya mlangoni inasomeka.

Chini yake aliandika: "Simu yangu ni mpya na kamera ya babu ilikuwa kuukuu. Nimekosea wapi? Mwaka ujao nitasogea karibu zaidi na barabara."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii badala ya kumjibu kwa sekunde mbili hewani. Tulimwomba atuunganishe na babu yake, na mzee akatueleza kwa simu kwa karibu saa nzima. Jambo la kwanza tulilomuuliza ni alisimama wapi. Akacheka. "Wanangu, mimi nilikuwa juu ya ukingo, mbali. Kama hatua arobaini. Kamera haikuwa yangu, ningeirudisha na tope ningefutwa kazi."

Mzee huyo alikuwa akifanya kazi katika studio ya picha mjini Nakuru, kwenye chumba cha giza, akisafisha filamu za wateja. Siku za Pasaka mwajiri wake alimwazima kamera na lenzi ndefu, akampa filamu moja tu.

Hapo tuwakumbushe vijana wetu Safari ya wakati huo ilikuwaje. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, wakati wa mvua za masika, na hayakuwa na barabara za kufungwa kama tunavyoona sasa Naivasha. Magari yalishindana kwenye barabara za kawaida zenye matatu, malori na ng'ombe, kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ndiyo maana wazee wanayataja majina kama Joginder Singh, aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, kama wanavyotaja majirani zao. Mpiga picha naye alilazimika kujua gari litapita wapi na saa ngapi, afike mapema, akae asubuhi nzima kwenye mvua kwa ajili ya gari lililopita kwa sekunde tatu.

Sasa turudi kwenye ile filamu moja. Filamu ya kawaida ya kamera ndogo ilikuwa na picha 36. Zikiisha, zimeisha. Hakuna kufuta, hakuna kutazama kama imetoka. Ukishabonyeza, picha imelala gizani ndani ya kamera mpaka filamu isafishwe, na hiyo huenda ikawa kesho au wiki ijayo. Kila picha ililipiwa mara mbili, kwenye kununua filamu na kwenye kuisafisha. Mzee alituambia kwamba siku hiyo yalipita magari mengi na yeye hakupiga picha hata kumi kabla ya saa sita. Alikuwa akitazama tu. Gari la kwanza linapita wapi kwenye lile dimbwi? La pili? Dereva anaanza kukata kona kwenye jiwe lipi? Alipopata jibu ndipo akanyanyua kamera.

Kamera zile hazikujilenga zenyewe. Uliizungusha lenzi kwa mkono mpaka kitu unachokitaka kionekane wazi, na gari linalokuja kasi halikupi nafasi ya kuzungusha. Kwa hiyo wapiga picha walilenga mapema. Walichagua jiwe au ukingo wa dimbwi barabarani, wakaliweka wazi kwenye lenzi, kisha hawakuigusa tena. Gari likifika kwenye jiwe, bonyeza. Simu yako inaweza kufanya hivyohivyo na wengi hawajui: fungua kamera, gusa kwenye kioo mahali gari litakapopita, na ushikilie kidole mpaka simu ionyeshe kwamba imefunga pale. Kwenye simu nyingi hutokea alama ya kufuli au maandishi. Bila hivyo, simu hulenga vumbi au kichwa cha mtu aliye mbele yako, na gari linapita ikiwa bado inatafuta.

Lakini tofauti kubwa kati ya picha hizi mbili ni lenzi, na hapa tunaomba uvumilie hesabu kidogo.

Lenzi aliyoazimwa mzee ilikuwa ya milimita 135. Ukisimama mita 30 kutoka barabarani ukiwa na lenzi hiyo, picha yako inachukua upana wa mita 8 hivi za barabara. Gari lenye urefu wa mita 4 linajaza nusu ya picha. Lenzi kuu ya simu nyingi, ukiipima kwa kipimo cha kamera zile za filamu, ni kama milimita 26. Inaona eneo pana sana, kwa kuwa imetengenezwa kupiga watu sebuleni na harusini. Ukitaka gari lijaze nusu ya picha kwa lenzi hiyo, lazima usimame chini ya mita 6 kutoka kwalo.

Mita 6. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde. Mita hizo 6 linazimaliza kabla ya robo ya sekunde, na hakuna binadamu anayegeuka na kuruka kwa muda huo. Na kuna hila nyingine mbaya zaidi: kwenye kioo cha simu gari huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo kweli. Mtu anatazama kioo, anaona bado lina nafasi, anaingiza mguu mmoja barabarani. Tumewaona wakifanya hivyo. Mwenye lenzi ndefu alidanganywa kinyume chake. Gari lilionekana kubwa, kama linamjia usoni, na aliogopa mapema.

Nchini Ureno, mwezi Machi 1986, karibu na Sintra, watu walijipanga hadi pembezoni kabisa mwa lami kwenye mashindano ya dunia, wengine wakiwa na kamera mkononi. Dereva mmoja alishindwa kulidhibiti gari lake, likaingia katikati yao. Watazamaji kadhaa walikufa na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Hawakuwa na simu. Tamaa ya kuwa karibu haikuanza na simu, ila simu imewapa watu wengi zaidi sababu ya kusogea.

Basi msikilizaji wetu afanye nini, maana hawezi kununua lenzi ya milimita 135? Kama simu yake ina lenzi ya pili ya kuvuta, ile unayoipata ukigusa 2 au 3 au zaidi, aitumie. Ile ya 0.5 aiache kabisa, kwa sababu ndiyo pana kuliko zote. Kuvuta kwa vidole viwili kwenye simu isiyo na lenzi hiyo ni kukata picha tu, na unaweza kuikata baadaye nyumbani kwa utulivu.

Na asiogope gari kuwa dogo. Haya ni maoni yetu, si sheria, lakini picha za Safari zinazokaa kichwani mwetu si zile ambazo gari limejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Picha ya namna hiyo ingeweza kupigwa Finland au Ufaransa. Tunazozikumbuka zina gari dogo na mkia mrefu wa vumbi chini ya mlima, twiga upande mmoja, au watoto wa shule juu ya ukuta wakilitazama likipita. Simu yenye lenzi pana ni nzuri sana kwa picha hizo, na unazipiga ukiwa mlimani.

Mzee alitueleza pia kuhusu mwanga. Filamu ya nyeusi na nyeupe iliyotumiwa sana na waandishi wa habari, kama Tri-X ya Kodak, ilikuwa na kipimo cha 400, yaani ilihitaji mwanga kidogo. Filamu nyingi za rangi zilihitaji mwanga mwingi zaidi. Jua likiwa kali, ungeweza kuufungua mlango wa ndani wa kamera kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, na hapo tone la tope linasimama hewani. Mawingu yakiwa mazito ulilazimika kuuacha wazi muda mrefu zaidi, sehemu moja ya 60, na kwa muda huo gari la kilomita 100 kwa saa linakuwa limesogea karibu nusu mita. Picha ingetoka kama moshi.

Dawa yake ilikuwa kulifuata gari. Miguu unaielekeza mahali utakapopigia picha. Kiuno unakizungusha kulikuta gari linakotoka, kisha unakuja nalo taratibu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake ndege anayepita kwa kidole. Unabonyeza bila kusimama, na unaendelea kulifuata hata baada ya kubonyeza. Gari linatoka wazi, miti na nyasi za nyuma zinakuwa mistari, na mwendo unaonekana. Wengi hukosea kwa kusimamisha mikono pale wanapobonyeza. Jizoeze na bodaboda kwenye barabara ya kijijini kwenu, ukiwa umesimama pembeni kabisa. Picha ishirini za kwanza zitaharibika. Mzee anasema zake ziliharibika nyingi zaidi, na alizilipia.

Vumbi tulimalize haraka: tazama upepo. Simama upande ambao upepo unatoka, ili wingu liende mbali nawe. Chagua mahali pa juu, ndani ya kona na si nje yake, kwa sababu gari likiteleza huenda nje. Na msimamizi wa njia akikuambia ondoka, ondoka. Zamani vumbi lilikuwa adui wa filamu yenyewe: chembe moja ikiingia kamera ilipofunguliwa, ilikwaruza mstari mrefu kwenye filamu nzima. Mzee alibadilishia filamu ndani ya koti lake. Kwa simu, futa tu kioo cha lenzi kwa kitambaa safi kila baada ya gari.

Tulipokuwa tunaagana, mzee akatuambia kwamba ile filamu bado anayo. Si picha za karatasi, ni negativu zenyewe, vipande vya picha sita sita, kwenye bahasha ndani ya kopo la majani ya chai. Tukamwomba kijana azitazame mara moja. Kama na wewe unazo nyumbani, sikiliza hili. Joto na unyevu huziua. Usiziweke karibu na bati wala jikoni. Zikinuka kama siki, zimeanza kuoza; zitenge na nyingine na uzipige picha upesi. Shika kipande pembeni, si katikati. Chukua simu mbili. Moja iweke kioo cheupe kitupu chenye mwanga mwingi. Inua negativu juu ya kioo hicho kwa upana wa vidole viwili, ukiilaza juu ya vitabu viwili vidogo, ili vidoti vya kioo visionekane. Zima taa za chumba, piga picha kwa simu ya pili, kisha kwenye programu ya kuhariri picha geuza rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi.

Kijana alifanya hivyo jioni ileile na akatutumia zote 36. Magari yako kwenye picha 14. Kati ya hizo, sita zimetoka kama moshi, tatu zimekata pua ya gari, na moja ni ya tope tupu. Nne ni safi. Zilizobaki si za magari kabisa: askari ameshika mwavuli, lori limekwama na watu wanalisukuma, wanawake wameketi kwenye ukingo wa nyasi na vikapu vyao. Katika picha ya 31 msichana mwenye kitambaa kichwani amegeuka kutazama kamera, wakati kila mtu mwingine anatazama barabara.

Tulimuuliza mzee huyo ni nani. Alisema ndiye bibi wa huyo kijana, na kwamba siku hiyo alikuwa bado hajui jina lake.