Vifundo vya vidole kuvimba: si uzee pekee, mbu wa mchana pia hulaumiwa

VIFUNDO vya vidole vinapofura hata mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati, wengi huharakisha kulaumu uzee au kazi ya kuteka maji kisimani. Lawama hizo si za bure zote. Viungo vya vidole huchakaa kwa umri na kuota vinundu vigumu. Baridi yabisi nayo, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, huvimbisha vidole vya mikono yote miwili na kuvikaza kila asubuhi.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Elwak, na Kaunti ya Mandera kwa jumla, kuna kiini kingine kisichofaa kusahaulika: chikungunya. Mnamo Mei 2016 maradhi hayo yalizuka Mandera Mashariki, na kufikia mwisho wa Juni wagonjwa 1,792 walikuwa wamenakiliwa. Awali, mwaka wa 2004, yalikuwa yamewakumba wakazi wa Lamu.

Jina lenyewe ni la Kimakonde. Lilianza kujulikana baada ya mkurupuko wa mwaka wa 1952 kusini mwa Tanganyika, nalo laeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Siku tatu hadi saba baada ya kuumwa na mbu, homa kali hupanda ghafla, kisha vifundo vya vidole, mikono na miguu huuma na kuvimba. Homa hutoweka upesi. Vidole ndivyo hukawia: wapo wanaoteseka kwa miezi, na wengine, hasa wazee, kwa miaka.

Hakuna dawa ya kuangamiza virusi hivyo. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi na kutuliza maumivu kwa parasetamoli. Aspirini haifai mpaka ithibitishwe kwamba si homa ya dengue, iliyozuka Mandera mwaka wa 2011, kwa kuwa yaweza kuzidisha kuvuja damu.

Kinga imo katika pipa la maji. Mbu wa Aedes, anayeeneza ugonjwa huu, huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Tena hahitaji kinamasi; maji safi ya kunywa yanamfaa. Ndiyo maana ukame haumfukuzi: maji yanapoadimika, ndipo kila boma huyahifadhi kwenye mapipa na mitungi. Mayai yake hugandama ukutani mwa chombo, na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hivyo kumwaga maji tu ni kazi nusu. Chombo kisuguliwe ndani kila wiki, kisha kifunikwe kabisa, hata kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Magurudumu makuukuu yanayokusanya maji ya mvua yaondolewe.

Anayekunywa maziwa mabichi ya ngamia naye akipata homa na maumivu ya viungo, apimwe pia brusela. Huo husababishwa na bakteria, na hutibika kwa dawa za hospitalini. Maziwa yakichemshwa, hauambukizwi kwa njia hiyo.