Yavuyavu wa Ziwa Victoria: Mnyama wa Baharini Akaaye Maji Matamu

Sehemu ya mvua inyeshayo juu ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet haikai kwetu. Huteremkia katika Kipsonoi na Yurith, nayo mito hiyo miwili hukutana ikawa Mto Sondu, uingiao Ghuba ya Winam, ile pembe ya Ziwa Victoria iliyoitwa zamani Ghuba ya Kavirondo. Huko, siku ya shwari, mtu huweza kuona majini kiduara kiangavu, kipana kama kifungo kikubwa cha koti, kikijikunja na kujikunjua kama mwavuli. Akikitoa nje, hulegea kikawa kama ute wa yai. Je, ni mayai ya chura? Ni mdudu wa maradhi?

Wenzetu wa pwani wangemtambua mara moja. Huyo ni yavuyavu, ambaye wengine humwita konyeza. Lakini yavuyavu tumjuaye ni mnyama wa maji ya chumvi, amefikaje ziwani?

Swali hilo liliwashughulisha hata wataalamu. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alimwona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika, na mwaka 1893 R. T. Günther alieleza umbo lake na kumpa jina la Limnocnida. Ndipo alipofika Mwingereza J. E. S. Moore, katika safari za 1896 na 1899. Alipowaona yavuyavu, pamoja na konokono wenye makombe mazito kama ya baharini, alikata shauri kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichoachwa katikati ya nchi kavu. Hoja hiyo ilikuwa nzuri mno, na hoja nzuri hupendwa upesi.

Haikudumu. Mwaka 1903 C. W. Hobley, afisa wa serikali, na Mfaransa Charles Alluaud, kila mmoja kwa wakati wake, waliwapata yavuyavu katika ghuba hii yetu. Tena walipatikana katika Mto Niger, katika mito ya kusini mwa Afrika, hata India. Ikiwa yavuyavu ni shahidi wa bahari, basi mahali pote hapo palikuwa bahari! Leo wataalamu wa miamba husema kuwa Tanganyika lilitokea kwa kupasuka kwa nchi, yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Ziwa Victoria ni changa zaidi, na wengi huamini kuwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Kama ni hivyo, yavuyavu wetu aliingia baada ya hapo, au alisalia katika mito na madimbwi mpaka maji yaliporudi.

Kumtambua si kazi ngumu. Mtie katika chupa nyeupe yenye maji yale yale ya ziwa, kisha weka kitambaa cheusi nyuma yake. Mayai ya chura hayaogelei, tena kila yai lina doa jeusi. Ruba hurefuka na kushikamana na kioo. Yavuyavu ana mdomo mpana chini ya mwavuli wake, na nyuzi nyembamba nyingi pembeni. Pengine utaona vitoto vikichipuka penye mdomo kama macho ya kiazi.

Nyuzi zile zina sumu ya kuulia vijidudu vya majini, lakini hazimdhuru mtu. Wa kuogopwa ni konokono mdogo wa ukingoni, asiyetazamwa na yeyote, kwa maana ndiye alezaye vijidudu vya kichocho cha matumbo. Hivyo havionekani kwa macho, navyo hupenya ngozi ya mtu asimamaye majini. Mtoto amkimbiaye yavuyavu na kujificha penye majani ya ukingoni amemkimbia asiye na hatia.

Atakayetaka kumpeleka yavuyavu kwa wataalamu, ama Makumbusho ya Taifa huko Nairobi, ama kituo cha utafiti wa samaki kilichoko Kisumu, asimwanike juani, kwani hatabaki ila utando. Amhifadhi katika formalini iliyozimuliwa, na ndani ya chupa atie kipande cha karatasi chenye tarehe, mahali, na kina cha maji. Sisi makarani twapenda wino, lakini hapo tumia penseli, kwa kuwa wino hutoka katika dawa.