Namba Zilizochapwa Katika Chuma

Wazee waliotumikia Keya waliijua vyema bunduki ya Lee-Enfield: mti na chuma, kasha la risasi 10, uzito wa takriban kilo 4. Jeshi la Uingereza lilipobadili silaha katika miaka ya 1950, nyingi ziliuzwa kwa raia wa Uingereza, Kanada na Marekani. Huko ndiko waliko wakusanyaji wake hadi leo.

Mkusanyaji mjuzi hadanganywi na mng'aro. Hutazama kwanza namba. Kiwandani, komeo lilirekebishwa likae sawasawa na mwili wa bunduki yake, kisha vyote viwili vikachapwa namba moja. Namba zikitofautiana, komeo ni la bunduki nyingine, na haifai kufyatuliwa kabla fundi hajaipima. Kisha hutafuta alama ya kiwanda: Enfield kwenyewe, Lithgow ya Australia, Ishapore ya India au Long Branch ya Kanada.

Hasara kubwa imeletwa na msumeno. Wawindaji walikata mti wa mbele ili kupunguza uzito, wakafuta kwa saa moja historia ya miaka mingi.

Hata hivyo, hii ni silaha, si pambo. Nchini Uingereza haimilikiwi bila kibali cha polisi, isipokuwa imelemazwa rasmi isiweze kufyatua tena. Na inayofyatua hufungiwa mahali salama. Basi anayewaachia wanawe silaha bila hati wala maelezo, amewaachia mashaka, hakuwaachia urithi.