Mwani wa Visiwani na Fungu Libakialo Kijijini

Yanapozungumzwa maendeleo ya shamba, kwa maana ya vijiji vilivyo mbali na miji na bandari, mazungumzo aghalabu huanzia kwenye upungufu wa watu wenyewe: husemwa kwamba hawana mtaji, hawana ilimu ya biashara, wala hawana hima ya kutafuta kilicho zaidi ya riziki ya siku. Rai yangu ni kinyume cha hayo, na ushahidi wake naupata katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako kwa zaidi ya miaka thelathini wanawake wa vijiji vya pwani wamelima mwani baharini, wakautoa kwa maelfu ya tani kila mwaka, wakafanya kazi ambayo hakuna awezaye kuiita ya kivivu, na hata hivyo sehemu iliyo kubwa ya thamani ya mwani huo ikavuka bahari pamoja na magunia. Kila unapopangwa mpango wa kukiendeleza kijiji huulizwa kitazalisha kiasi gani. Nami naona swali linalotangulia hilo ni kwamba katika bei ya mwisho ya kinachozalishwa, fungu gani hubaki kijijini, na nani mwenye kauli katika kulikata.

Mwani haukuwa kitu kigeni kwa watu wa pwani. Kabla ya kulimwa ulikuwa ukiokotwa ufuoni na miambani, ukakaushwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara walioupeleka Ulaya, lakini biashara ya kuokota ina kikomo chake, kwani bahari haitoi zaidi ya inachokiotesha yenyewe. Aliyefungua mlango wa kilimo ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa mimea ya baharini, ambaye tangu miaka ya 1970 alizichunguza aina za mwani wa pwani zetu na kushauri kwamba ulimwe. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na muda si muda kikaenea pwani ya mashariki ya Unguja na kuvuka kwenda Pemba, ambako leo ndiko kunakotoka sehemu iliyo kubwa zaidi ya mavuno. Aina zilizolimwa ni mbili: spinosamu, ambayo ni shupavu na hustahimili maji ya kina kifupi, na kotonii, ambayo ni dhaifu zaidi lakini bei yake ni takriban mara mbili ya ile ya mwenzake. Tofauti hiyo ya bei msomaji na aiweke moyoni, maana ndiyo iliyokuja kuwatesa wakulima baadaye.

Kazi yenyewe hufuata mwezi. Katika siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na hapo wanawake huteremka na mafurushi ya kamba na mbegu kichwani, wakaukata uwanda mpana wa mchanga na majani ya bahari mpaka kwenye mashamba yao. Shamba ni safu za vigingi vya miti vilivyopigwa mchangani, na baina ya kigingi na kigingi imevutwa kamba, na juu ya kamba vimefungwa vishada vya mbegu kwa nyuzi ndogo waziitazo taitai, kishada baada ya kishada, kwa nafasi ya kiasi cha shubiri moja. Kufunga hufanywa kwa kuinama au kwa kukaa kitako majini, jua likiwa mgongoni na chumvi ikila vidole, na wakulima wengi hulalamikia maumivu ya kiuno, macho kuwasha, na miiba ya viumbe wa baharini wanaojificha mchangani. Baada ya wiki sita hivi kile kishada cha ngumi moja kimekuwa kichaka. Mwani huvunwa, hupakiwa katika magunia ukiwa bado unachuruzika maji, huburutwa au hubebwa hadi pwani, na huanikwa juu ya makuti, mikeka au chanja kwa siku mbili tatu. Zikija mvua za masika, mwani uliokaribia kukauka huoshwa ukapoteza ubora, na kazi ya mwezi na nusu ikashuka thamani kwa alasiri moja. Kilo saba au nane za mwani mbichi, pengine zaidi, ndizo zinazofanya kilo moja ya mkavu, na ni ile kilo kavu peke yake inayopanda juu ya mizani.

Ingelikuwa dhulma kuendelea na hoja bila ya kutaja kheri iliyopatikana. Kabla ya mwani, mwanamke wa pwani ya mashariki alikuwa na pweza na chaza wa kuokota, ukili wa kusuka, na makumbi ya kufukia na kupiga ili apate usumba wa kusokota kamba, na kilichotoka humo kilikuwa kidogo mno hata hakikuhesabiwa kuwa ni pato. Mwani ulimletea fedha taslimu mkononi mwake, fedha aliyoijua hesabu yake na aliyoipanga mwenyewe, na ijapokuwa mwanzoni baadhi ya waume hawakupendezwa na jambo hilo, haukupita muda mrefu nyumba zikaanza kusema: sare za skuli zikanunuliwa, vyombo na makabati yakaingia, na kuta za udongo zikaanza kupisha mawe na saruji. Leo wanaolima mwani Zanzibar ni zaidi ya watu 20,000, na katika kila kumi wanane hivi ni wanawake. Katika nchi ambayo kwa zaidi ya karne moja ilitegemea karafuu, zao la miti ya wenye mashamba, hili ni zao lililoanza mikononi mwa watu wasiokuwa na shamba.

Walakini tangu siku ya kwanza biashara ilifungwa kwa namna ambayo mkulima hakuwa na pa kugeukia. Kampuni za kununua zilileta kamba na taitai, zikampa mkulima, na kwa kupokea akawa amekubali kwamba mavuno yake atayauza kwa aliyempa na si kwa mwingine. Kwa mtu asiye na kianzio hiyo ilikuwa rehema, na sisemi kwamba bila ya hiyo kilimo kingeweza kuanza. Lakini rehema ya mwaka wa kwanza iligeuka kuwa desturi ya miaka yote. Wakala hufika kijijini na mizani, hutaja bei, na bei hutajwa kama vile itajwavyo saa ya sala, si jambo la kujadiliana. Kwa miaka mingi kilo moja kavu ya spinosamu ilikuwa ni ya shilingi mia kadhaa tu.

Mwani hutakiwa kwa sababu ya ute wake, ambao wataalamu huuita karajinani. Ute huo hutolewa viwandani, ukawa unga mweupe, na unga ule ndio unaoifanya dawa ya meno ishikamane, aiskrimu iwe laini, maziwa ya chokoleti yasitengane na maji, na mafuta ya kupaka yawe mazito kiasi kinachopendeza. Magunia ya Unguja na Pemba yamekwenda Denmark, Ufaransa, Marekani na China kufanyiwa kazi hiyo. Zaidi ya hayo, wakulima wakuu wa mwani wa aina hizi duniani ni Indonesia na Ufilipino, ambao mavuno yao ni mengi mara nyingi kuliko yetu, kwa hiyo bei hukatwa kwa kuangalia kule. Mwanamke wa kijiji cha Bwejuu akiongeza kamba kumi huongeza uzito wa gunia lake na uchovu wa mgongo wake, ila bei haisogei. Ndiyo maana mashauri yale ya kila siku, kwamba wanakijiji walime zaidi, huwa ni nusu ya shauri.

Kisha yakaja maradhi na joto. Tangu mwanzoni mwa karne hii kotonii, ile yenye bei, ilianza kufa katika maji ya kina kifupi: matawi hupauka na kuwa meupe, hulainika, hukatika, na mwani mwingine wa ovyo huota juu yake ukaunyonga. Maji ya pwani yanapozidi joto mmea hudhoofika, na ukisha kudhoofika maradhi huupata. Ikawa sehemu nyingi za Unguja hazioteshi tena kotonii kabisa, wakulima wakabaki na spinosamu ya bei ya chini, na baadhi yao, khususan Paje na Jambiani kwenyewe kulikoanzia kilimo, wakauacha mwani wakaenda kutafuta vibarua vya hoteli. Wakati huohuo wageni walizidi, wakaja na michezo yao ya upepo juu ya maji yaleyale, na vigingi vilivyokuwa shamba vikaanza kuonekana kuwa ni kizuizi.

Hapa ndipo inapoingia habari inayonipa matumaini. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtaalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar na mtafiti wa mwani kwa miongo mingi, aliona kwamba uokovu hauwezi kutoka kwenye gunia la mwani mkavu, na mwaka 2006 ukaanzishwa mpango wa kuwakutanisha wakulima, wataalamu, wafanyabiashara na watu wa serikali ili mwani uanze kufanyiwa kazi hukuhuku. Wanawake wa Kidoti, kaskazini mwa Unguja, walikuwa miongoni mwa wa mbele kutengeneza sabuni. Mwani mkavu huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi na mchanga, hukaushwa tena, hutwangwa au husagwa ukawa unga, unga ukachujwa. Kisha huchanganywa na mafuta ya nazi na magadi makali ya sabuni yaliyokwisha kuyeyushwa kwa uangalifu, hutiwa manukato ya karafuu, mdalasini au mchaichai, hukorogwa mpaka uji ushike, humiminwa katika visanduku, hukatwa vipande na kuachwa wiki kadhaa ukali upungue. Kipande kimoja cha sabuni hiyo, ambacho ndani yake mwani ni kidogo tu, huuzwa kwa bei iliyoipita ya kilo nzima ya mwani mkavu, na karibu kila kilichomo, nazi, viungo na mwani, kimetoka visiwani.

Nisingependa msomaji adhani kwamba sabuni imemaliza tatizo. Soko la sabuni ni dogo, hutegemea wageni, na wageni wakikatika, kama walivyokatika mwaka 2020, duka hufungwa. Kikundi cha kijiji hupata taabu kupata karatasi nzuri ya kufungia, alama ya ubora, na usafiri. Kiwanda cha karajinani, kwa upande mwingine, huhitaji umeme mwingi, kemikali, na zaidi ya yote maji matamu kwa wingi, na pwani ya mashariki ya Unguja maji ya visima vyake huwa na chumvi. Hata hivyo kutengeneza mazao ya visiwani papa hapa visiwani si ndoto, kwani Pemba imekwisha kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu kwa miaka mingi. Na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, katika siasa yake ya uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, ilianzisha mpango wa kiwanda cha mwani huko Chamanangwe, Pemba. Hata kusaga tu na kusafisha, bila ya kufika kwenye ute, kungebakisha ujira ambao sasa hulipwa ng'ambo.

Ama mtaji, ambao husemwa kwamba ndio ukosefu mkubwa wa shamba, wanakijiji wameonyesha njia. Mwanzoni mwa karne hii shirika la CARE lilileta katika vijiji vya jirani ya msitu wa Jozani utaratibu wa kuweka na kukopa ulioanzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, na ambao kwa watu waliozoea upatu haukuwa mgumu kufahamika. Watu baina ya 15 na 30 hukutana kila wiki, hununua hisa kwa kadiri ya uwezo wao, hutia fedha katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu huwekwa na watu watatu, hata asiwepo awezaye kulifungua peke yake. Mwenye haja hukopa mbele ya wenzake wote, na mwisho wa mwaka sanduku huvunjwa kila mtu akapewa fungu lake. Waliofundishwa wakawafundisha wengine, na vikundi vikaendelea kuongezeka baada ya mradi kufunga milango yake. Kwa mkulima wa mwani maana yake ni wazi: mwenye kukopa kamba kwa kikundi chake hana haja ya kuikopa kwa mnunuzi, na asiyekopa kwa mnunuzi anaweza kulisubirisha gunia.

Kotonii nayo inaweza kurudi, lakini katika maji ya kina yenye ubaridi, ambako Dk. Msuya na wenzake wamejaribu kuilima ndani ya mirija ya nyavu. Huko hakufikiki kwa miguu. Panahitajika chombo, na panahitajika kujua kuogelea, jambo ambalo wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa utotoni. Jambiani wako wanawake wanaolima sifongo za baharini katika maji ya namna hiyo, zao linalochukua muda mrefu zaidi kukomaa lakini linalouzwa kwa bei njema kwa kipande, nao ilibidi kwanza wajifunze kuogelea. Kwa hiyo kuogelea hakuwezi kusemwa kuwa ni jambo lisilowezekana kwa wengine.

Ikiwa mpango wa serikali wa kiwanda cha mwani ni wa kweli, na mimi naamini ni wa kweli, basi yako matatu ambayo ningelipenda kuyaona yameandikwa ndani yake kabla ya jiwe jingine lolote kuwekwa: kwamba bei ya msimu itangazwe kwa masheha wa vijiji vyote kabla ya mbegu kufungwa na mizani ya mawakala ikaguliwe hadharani, kwamba vikundi vya wakulima viuziwe hisa za kiwanda kwa kulipa kidogokidogo kutoka kwenye masanduku yao, na kwamba katika baraza litakalokisimamia kiwanda hicho wawepo wanawake wanaoteremka majini siku za bamvua, wenye haki ya kura sawa na ya mwingine yeyote aliyeketi mezani.