Kapsuli za Mafuta ya Samaki na Kisado cha Dagaa

Mtu wa Gorong'a, mkoani Mara, akishika chupa ya bei nafuu ya kapsuli za mafuta ya samaki, huwa anajiuliza kama zinafaa. Swali hilo halina jibu moja. Tuligawe vipande, tukianza na kilichomo ndani ya kapsuli.

Mafuta ya samaki yanathaminiwa kwa sababu ya asidi mbili za mafuta, EPA na DHA, zilizo katika kundi la omega-3. DHA ni sehemu ya ujenzi wa ubongo na jicho. Mwili unaweza kutengeneza asidi hizi kutokana na mafuta ya mbegu fulani, ila kwa kiasi kidogo mno. Samaki naye hazitengenezi kwa wingi: huzipata kwa kula viumbe vidogo vilivyokula mwani. Ndiyo maana dagaa, aliye karibu na chanzo hicho, anazo pia, kama walivyo nazo samaki wadogo wa bahari ya Peru, nchi ambayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta haya.

Sasa tuigeuze chupa. Mbele pameandikwa miligramu 1,000, na wengi hudhani hiyo ni omega-3. Hapana, huo ni uzito wa mafuta yote. Kapsuli ya kawaida ya uzito huo huwa na EPA miligramu 180 na DHA 120, jumla 300, na nyingine huwa na pungufu. Tuchukue mfano. Chupa ya kwanza inauzwa shilingi 18,000, ina kapsuli 60, kila moja na miligramu 120 za EPA na DHA. Ya pili ni shilingi 36,000, kapsuli 90, kila moja na miligramu 300. Wataalamu wengi hutaja miligramu 250 kwa siku kuwa kiasi cha kutosha kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa chupa ya kwanza utameza mbili ili ukikaribie, kwa shilingi 600. Kwa ya pili utameza moja, kwa shilingi 400. Chupa iliyoonekana rahisi ndiyo ghali. Isiyotaja EPA na DHA kabisa haiwezi hata kupigiwa hesabu hii, na mimi nisingeinunua.

Kisha kuna kuchacha. Asidi hizi zina viungo vingi dhaifu vya kikemia, vitano katika EPA na sita katika DHA, na oksijeni huvivunja, hasa penye joto na mwanga. Chupa iliyokaa miezi chini ya bati la duka inaweza kuchacha kabla ya tarehe yake kuisha. Ukiitoboa kapsuli na harufu ikawa kali, ya mafuta yaliyooza, usiimeze. Ile iliyotiwa ladha ya ndimu huficha dalili hiyo.

Je, omega-3 inafanya kazi gani mwilini? Jaribio la VITAL nchini Marekani, lililochapishwa 2018, liliwapa watu 25,871 kila siku kapsuli ya gramu moja ya mafuta ya omega-3 au kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitano hivi. Kwa jumla, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vitokanavyo na magonjwa hayo havikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Waliokuwa wakila samaki kidogo walionekana kunufaika zaidi, ingawa hilo halikuwa swali kuu la jaribio. Kwa mtu mwenye mafuta mengi ya aina ya trigliseridi kwenye damu, dozi kubwa huyapunguza. Hiyo ni tiba ya kuandikiwa na daktari, na dozi za namna hiyo zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Hoja yenye nguvu zaidi iko kwa mjamzito. Uchambuzi wa Cochrane wa 2018, uliojumlisha majaribio 70, ulionyesha kwamba, kwa waliopewa omega-3, waliozaa kabla ya wiki 37 walishuka kutoka 134 hadi 119 katika kila wanawake 1,000. Si tofauti ya kudharau. Lakini asichanganye mafuta haya na mafuta ya ini la samaki aina ya kodi (cod): hayo yana vitamini A, ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Amwonyeshe muuguzi wa kliniki chupa yake kwanza.

Mshindani wa kweli wa chupa hii ni kisado cha dagaa wa Ziwa Victoria, wanaofika kutoka mialo ya Rorya na Musoma. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo pamoja na omega-3 mlaji hupata protini na kalisiamu, vitu ambavyo kapsuli haina. Ila kanuni ya kuchacha inamhusu naye: akikaa juani na ghalani muda mrefu, DHA hupungua, na akianikwa mchangani hubeba uchafu. Nunua wa chanja, wasiogeuka rangi kuwa kahawia, na usiwahifadhi miezi mingi.

Kwa kaya inayokula dagaa au samaki mara mbili kwa wiki, shilingi za chupa zingefaa zaidi sokoni. Kwa asiyekula samaki kabisa, kwa mzio au kwa mazoea, chupa nafuu iliyopita hesabu ya EPA na DHA na isiyonuka ni matumizi ya busara, mradi haongezi dozi ili kujitibu moyo, na awe amemuuliza daktari kwanza kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.