Maji Baridi Hayamsubiri Rafiki Aliye Mbali

Karibu na mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, bahari huingia bara kwa mikono mingi inayopinda-pinda katikati ya vinamasi vya majani marefu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya kama mita 1.6, na yakipwa huacha kuta za tope na chaza wenye makali ya wembe. Mwezi wa Januari maji hayo hupoa hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi. Msimu huo wavuvi wengi wa kayaki huupenda: mbu wametoweka, mashua za injini zimepungua, maji ni maangavu na samaki wamekusanyika pamoja. Mara nyingi huondoka marafiki wawili au watatu, na urafiki huo huhesabiwa kuwa burudani ya safari. Naona unastahili kuhesabiwa pamoja na vyombo vya kazi, sawa na kafi. Na kama lilivyo kafi, haufai kitu ukiwa mbali na mkono.

Sababu imo ndani ya mwili wenyewe. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako bahari hukaa karibu na nyuzi 25 hata wakati wa kusi, huenda akadhani hatari ya baridi ni kuganda polepole. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye kwa ajili ya utafiti amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi katika maji ya barafu, anaeleza mambo kwa mpangilio mwingine. Dakika 1 ya kwanza mtu hutweta bila kujizuia, na akivuta pumzi kichwa kikiwa chini ya maji anaweza kuzama papo hapo. Kisha ana kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inamtii. Saa 1 hivi hupita kabla ya baridi kumpotezea fahamu. Katika maji ya nyuzi 10 muda huongezeka kidogo, lakini mpangilio ni uleule: vidole hushindwa mapema kuliko moyo. Aliyepinduka anahitaji vidole hivyohivyo ili aigeuze kayaki, aishike ukingoni na kujivuta juu. Mwenzake akiishikilia kayaki hiyo upande wa pili isiyumbe, kazi ya kumshinda mtu inakuwa kazi ya nusu dakika.

Sasa ongeza mkondo. Maji yanapokupwa kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, jambo la kawaida penye mkono mwembamba, mvuvi aliyeanguka kutoka kwenye kayaki iliyotiwa nanga hupelekwa mita 60 katika ile dakika moja ambayo hata pumzi yake haijamtii. Chombo kinabaki na nanga, yeye anakwenda. Hawezi kukifuata kwa kuogelea dhidi ya maji. Wa kumfikia ni mwenzake, ikiwa amemwona. Akiwa nyuma ya kona ya pili ameinamia mshipi wake, basi walioondoka pamoja wanavua kila mtu peke yake.

Wapo watakaosema kayaki nyingi huwatisha samaki. Kiangazi hoja hiyo ina uzito. Majira ya baridi samaki wa madoadoa aitwaye kisayansi Cynoscion nebulosus hujikusanya kwenye mashimo yenye kina, na shimo moja linawatosha wavuvi watatu waliotulia, wakiachana mita 30 au 40. Wepesi huo wa kuwapata samaki una deni lake pia: baridi kali ya Januari 2018 iliua samaki hawa wengi kiasi kwamba idara ya maliasili ya South Carolina iliwaomba wavuvi wawarudishe majini wote watakaowanasa hadi mwisho wa Septemba. Wengine watasema jaketi la kuokoa maisha na vazi lisilopenywa na maji vinatosha. Hivyo ndivyo vya kwanza, wala sikubali rafiki awe badala yake, maana mwokoaji aliyevaa pamba tupu ni mtu wa pili wa kuokolewa. Lakini vazi haliirudishi kayaki iliyobaki kwenye nanga. Simu nayo huita msaada wa mashua, na maji yakishapwa mashua nyingi haziwezi kuingia huko.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba kundi huleta ujasiri wa bure: mmoja akiona haya kurudi, wote wanaendelea. Ni kweli, na dawa yake ni sharti linalokubaliwa nchi kavu kwamba yeyote akisema turudi, wanarudi bila kuulizana. Jua la Januari huko hudanganya. Hewa huweza kufika nyuzi 15 huku maji yakiwa yaleyale. Vaeni kwa kuyafikiria maji. Na wakati wa kiangazi, maji yakiwa na joto, pinduaneni kwa makusudi na kupandishana tena kwenye kayaki mpaka kila mmoja aweze kumpandisha mwenzake. Ambaye hajawahi kufanya hivyo asiende Januari.