Ukiandikiwa Kumwona Daktari Bingwa wa Uzazi

Muuguzi wa kliniki akishamwambia mama mjamzito kwamba safari hii ataonana na daktari bingwa, mama husikia neno moja tu: kisu. Nyumbani habari hufika ikiwa imeshanenepa. Mama mkwe anauliza mtoto ana nini, wifi anamkumbuka jirani aliyepelekwa hospitali ya mkoa akarudi na mshono, na mume anaanza kupiga hesabu ya upasuaji ambao hakuna aliyeutaja. Kumbe mara nyingi kilichomfanya muuguzi aandike rufaa ni mstari mmoja kwenye kadi: uzazi uliopita ulikuwa wa upasuaji, presha imesoma 140 kwa 90, damu ni gramu 8, kuna mapacha, kimo hakifiki sentimita 150, au hii ni mimba ya sita. Mstari huo maana yake ni kwamba mtu mwenye ujuzi zaidi akutazame. Wengi wanaoandikiwa hurudi kwenye kliniki yao ileile na maelekezo mawili matatu, wakaendelea na mimba yao.

Kwetu Tanzania mimba nyingi huanza na kuisha mikononi mwa wauguzi wakunga wa zahanati na vituo vya afya, na ndivyo inavyotakiwa. Bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi hupatikana zaidi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa Dar es Salaam kama Amana, Temeke au Mwananyamala, na juu ya hizo ziko za kanda kama Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, kisha Muhimbili. Tangu 2024 kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia nazo zimekuwa zikizunguka hospitali za halmashauri, hivyo wapo wanaoonana na bingwa bila kupanda basi. Lakini popote utakapomkuta, foleni yake ni ndefu na dakika zake chache. Kliniki yake ina siku maalumu za wiki, kwa hiyo uliza kwanza siku kabla ya kuomba ruhusa kazini. Na anayeingia chumbani na kadi tupu na majibu ya "sijui" atatoka na orodha ya vipimo vya kurudia na tarehe nyingine ya kurudi.

Ndiyo maana nathubutu kusema nusu ya kazi ya siku hiyo ni ya mama mwenyewe, na inafanyika nyumbani jioni ya kuamkia safari. Toa kila karatasi uliyoificha chini ya godoro. Kadi ya kliniki na barua ya rufaa kila mtu anazikumbuka. Wanazosahau ni majibu ya kundi la damu, karatasi ya ruhusa ya uzazi uliopita, na dawa zenyewe. Usijaribu kukariri majina ya vidonge; vitie kwenye mfuko vyote, vya hospitali, vya duka la dawa na hata ile chupa ya mizizi uliyoletewa na shangazi. Daktari akikunja uso kwa ajili ya chupa hiyo, mwache akunje. Anahitaji kujua umekunywa nini.

Karatasi moja ina thamani kuliko inavyodhaniwa: ile ya altrasaundi ya kwanza kabisa. Picha iliyopigwa kabla ya wiki ya 14 hukosea umri wa mimba kwa siku chache tu, haizidi wiki moja hivi. Ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata wiki tatu, kwa sababu watoto wakishakua kila mmoja ana mwili wake, kama watu wazima. Sasa utamkuta mama ana picha tatu kutoka vituo vitatu, na tarehe tatu za kujifungua, na katika hizo amechagua inayompendeza. Bingwa atachagua ya zamani kuliko zote na kuilinganisha na siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Asipoipata, atabaki kukisia, na kukisia huku kuna gharama: upasuaji uliopangwa kwa mimba inayodhaniwa ina wiki 39, kumbe ina 36, unaweza kumtoa mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate walau altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Ukiipata, itunze kama hati ya kiwanja.

Siku yenyewe, kabla ya bingwa utapita kwa muuguzi. Uzito, kimo, mkojo kwenye kikopo kutazama protini na sukari, na presha. Hapa kwenye presha simama kidogo. Ukifika ukihema kwa kukimbilia daladala na ngazi za ghorofa ya pili, kipimo kitapanda na kukuchongea. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, mkono umelazwa mezani. Ikisoma juu, una haki ya kuomba irudiwe baada ya muda, na wala si utovu wa adabu. Presha ya 140 kwa 90 inataka ithibitishwe kwa kipimo cha pili. Ya 160 kwa 110 haina subira, hapo utaona watu wanaanza kutembea haraka, na huenda ukalazwa siku hiyohiyo.

Kisha unaingia. Wengi hutarajia mashine, wanashangaa kukuta maswali. Chukua mama aliyewahi kupasuliwa, maana huyo ndiye mteja mkubwa wa kliniki hizi. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama, karibu ukae. Mtoto wa kwanza ulijifungulia wapi?"

"Hospitali ya wilaya. Kwa upasuaji."

"Walikupasua kwa sababu gani?"

"Walisema njia ndogo."

"Ulikaa na uchungu muda gani? Mtoto alitoka na kilo ngapi?"

Kimya. "Njia ndogo" ni jibu linalowachosha mabingwa, kwa sababu linafunika mambo kumi. Huenda mtoto alitanguliza matako, na safari hii ametanguliza kichwa, basi sababu ile imekwisha. Huenda mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka. Huenda kweli uchungu ulikwenda siku nzima na kichwa hakikushuka. Kila sababu ina njia yake mbele ya safari, na anayeijua ni yule aliyeandika ile ripoti ya upasuaji.

Ripoti hiyo ina siri nyingine ambayo kioo cha nyumbani hakiwezi kukuonyesha. Kovu la nje halisemi lolote kuhusu kovu la ndani. Ngozi inaweza kuwa imekatwa kwa mlalo chini kabisa, mstari mzuri usioonekana, huku kizazi chenyewe kimekatwa wima. Kizazi kilichokatwa mara moja, kwa mlalo, sehemu yake ya chini, huwaruhusu wanawake wengi kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida. Takwimu zinazotumiwa na madaktari wa Uingereza ni kwamba kati ya 72 na 75 katika kila 100 wanaojaribu hufanikiwa, na kizazi kuchanika hutokea kwa takriban mmoja kati ya 200. Aliyekatwa wima upande wa juu hajaribu kabisa. Hupangiwa tarehe kabla uchungu haujaanza. Kwa hiyo mama ambaye mshono wake ulishonwa Tabora na sasa anaishi Mbagala, nauli ya kumtuma mdogo wake akaombe nakala ya faili ni ndogo kuliko atakachokilipia akikosa.

Hata anayeruhusiwa kujaribu hajaribii zahanati. Anajaribia mahali penye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24, penye damu, na penye mtu wa kumwangalia tangu uchungu wa kwanza. Na ile dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu, inayopokezwa kwa mapenzi mema kabisa na bibi na mashangazi, kwa kizazi chenye kovu ni hatari tupu. Sijapata daktari wa kusema vinginevyo. Bingwa ataangalia pia kondo la nyuma limekaa wapi, kwa sababu likijishikiza juu ya kovu la zamani laweza kung'ang'ania na kuleta damu nyingi.

Swali linalodanganywa kuliko yote ni hili jepesi: hii ni mimba ya ngapi? Hesabu ya daktari inataka zote, iliyotoka yenyewe, iliyotolewa, na ile ya kabla ya ndoa ambayo hapa mjini hakuna anayeijua. Mume amekaa kiti cha pembeni. Mama anasema "ya pili". Kumbe ya nne, na mara mbili alisafishwa kizazi, mara moja akaongezewa damu. Mambo hayo yanabadilisha anachokitafuta daktari. Mwenye kundi hasi la damu, kwa mfano, huenda mwili wake ulishatengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto tangu mimba ile isiyotajwa. Akiwa bado, kuna sindano ya anti-D inayotolewa wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua ikiwa mtoto ana kundi chanya. Sindano hiyo bei yake si ya kukopa asubuhi ukalipa jioni, hivyo ni afadhali kuijua mapema.

Kumleta mume ni jambo jema, hasa yanapofika masuala ya fedha, usafiri na nani atatoa damu. Lakini ukiwa na la faragha, mnong'oneze muuguzi wakati anakupima presha. Yeye anajua jinsi ya kumtuma baba kwenye dirisha la malipo bila vurugu. Daktari anabanwa na maadili ya kazi yake kutunza siri yako, ikiwamo ya majibu ya VVU.

Uchunguzi wa mwili ni sehemu fupi. Atatazama macho kama yamepauka, atabonyeza miguu kuona uvimbe, atapapasa tumbo na kulipima kwa futi ya kamba. Kuanzia wiki ya 24 hivi sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Utasikilizishwa mapigo ya moyo wa mtoto ukiomba, na omba. Kipimo cha ndani si lazima siku ya kwanza isipokuwa kuna sababu, kama kutokwa damu au uchafu, na kikihitajika waweza kutaka muuguzi wa kike awepo. Daktari mwanamume hatashangaa. Anaombwa hivyo kila siku.

Yaliyo mazito ni anayoyaandika mwishoni. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba iliyopita huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, kuanzia wiki ya 12 na vizuri zaidi kabla ya 20. Hapa ndipo desturi yetu ya kuficha mimba hadi tumbo lijitangaze inapotugharimu. Ukifika kliniki mwezi wa saba, dawa hiyo umeshaipita njiani. Kwa anayetiliwa shaka ya kisukari cha mimba, kati ya wiki ya 24 na 28 atanyweshwa gramu 75 za glukosi asubuhi kabla hajala na kutolewa damu mara tatu. Beba chakula cha kula baadaye, na mtu wa kukaa naye kwa saa mbili hizo. Mwenye upungufu wa damu ataulizwa kama anakula udongo. Aseme kweli, hatakuwa wa kwanza.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Ni hatua kubwa. Wanaoondoka bado huondoka zaidi kwa kutokwa damu na kwa kifafa cha mimba, na ndiyo mambo ambayo bingwa anayawinda kwa maswali yake yanayoonekana ya umbea.

Basi usinyanyuke kwenye kile kiti bila majibu ya maswali haya, na yawe yameandikwa kwenye kadi: nitajifungulia hospitali gani, kwa njia gani, tarehe isivuke ngapi, na nikiumwa kichwa kikali, nikiona maluweluwe, nikitokwa damu au mtoto akiacha kucheza, niende wapi usiku huo. Mwandiko usiposomeka, mwombe arudie. Ukitoka, tafuta ndugu wawili wa kuchangia damu na dereva anayepokea simu saa nane za usiku. Na kadi hiyo isilale kabatini. Iwe kwenye mkoba wako hata ukienda msibani Singida kwa siku mbili, maana uchungu hauulizi faili lako liko mkoa gani.